RUFANI YA KODI NA MFUKO WA MNYONGE

Mfanyabiashara wa Tanzania aliyekadiriwa kodi asiyoikubali hana haja ya kumpigia mtu magoti. Sheria ya mwaka 2000 ilimwekea Bodi ya Rufani za Kodi, juu yake Baraza, na mwisho Mahakama ya Rufani, kwa hoja za sheria tu.

Lakini safari huanza kwa pingamizi mbele ya Kamishna, na hapo ndipo penye kizingiti. Sheria ya 2015 ilimtaka mlalamikaji alipe kwanza, katika siku 30, kodi asiyoibishia au theluthi ya makadirio, kiasi kilicho kikubwa. Kampuni kubwa itaandika hundi. Fundi cherehani atauza cherehani. Kamishna alipewa uwezo wa kupunguza au kusamehe malipo hayo. Twauliza: wanyonge wangapi wameambiwa?