Kazi za Sanaa Zisingoje Watalii

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani siku hizi, iwe Mombasa, Malindi au Lamu, mgeni akikaribishwa sebuleni hukuta ukutani picha ya Al-Kaaba iliyochapwa kiwandani ng'ambo na kutiwa fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu. Kando yake pana saa na kalenda ya duka. Picha hiyo haina aibu, maana aliyeitundika ameitundika kwa mapenzi ya dini yake. Lakini yafaa tujiulize, waungwana: mbona katika nyumba hizo hizo hamna hata kazi moja iliyotoka mkononi mwa mchoraji, mwandishi wa khati au mchongaji wa hapa petu, aliye hai, ambaye twaamkiana naye njiani kila siku?

Mambo hayakuwa hivi zamani. Majumba ya mawe ya Lamu na Pate ya karne ya 18 yalikuwa na zidaka za chokaa iliyonakshiwa, na ndani ya zidaka vikapangwa vyombo vya kauri vya Uchina. Milango ilichongwa nakshi. Kule Siyu waandishi walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano. Kazi zote hizo zililipiwa. Mwenye nyumba alimwendea fundi wa zama zake, wakapatana, akampa ujira wake. Hicho tunachokiita urithi leo, na ambacho kilichangia mji wa Lamu kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, siku hiyo kilikuwa kitu kipya kabisa, chokaa bado haijakauka.

Siku hizi mnunuzi ni mtalii, na matokeo yake tumeyaona. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku na wageni wakapungua. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukafunga safari za dunia nzima. Mara zote mbili mafundi waliotegemea wageni walibaki na kazi zao mikononi. Kijana anayeona hayo halaumiwi akiiacha patasi na kwenda kuendesha bodaboda. Tena mnunuzi akiwa mgeni peke yake, ladha inayotawala ni yake: fundi atachonga twiga na kuchora machweo yale yale, kwa kuwa ndiyo yanayouzika. Na kazi nzuri ikipatikana hupanda ndege ikaenda zake. Wajukuu wetu wakitaka kuiona, itawabidi waombe viza.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo ya picha yanagongana na dini. Hoja hii ni ya kuheshimiwa. Hadithi za Mtume (S.A.W.) juu ya picha za viumbe wenye roho zinajulikana, na wanavyuoni wamezijadili kwa urefu. Mwenye shaka na amwendee sheikh wake. Lakini imepokewa pia katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipata riziki yake kwa kazi ya picha alimwendea Ibn Abbas, naye baada ya kumwonya akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Basi uwanja ulioachwa wazi ni mpana. Kuna khati ya Kiarabu, kuna nakshi za maua na za mistari, kuna jahazi lililotweka tanga, kuna minazi, kuna vichochoro vya Mji wa Kale jua la alasiri linapoingia. Wachoraji wa Ulaya wamekuwa wakija Lamu na Shela kuchora mambo hayo hayo na kuyapeleka kwao, nasi tunayapita kila siku bila kuyatazama.

Wengine watasema sanaa ni ya matajiri. Ni kweli kwamba Mkenya anayetajwa sana kwa kukusanya, marehemu Joseph Murumbi, alikuwa mtu mkubwa, makamu wa rais mwaka 1966. Sehemu ya vitu alivyokusanya, kama vitabu, stempu na kazi za sanaa, imewekwa katika jengo la Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Nairobi. Lakini funzo lake halimo katika wingi wa mali. Limo katika kuamini kwamba kazi ya Mwafrika yafaa ithaminiwe kwanza na Mwafrika mwenyewe, na ndiyo maana alishirikiana na Alan Donovan kuanzisha African Heritage mjini Nairobi.

Jirani zetu wa Tanzania wana funzo jingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za kawaida za madukani na kuuza picha zake Dar es Salaam kwa bei ndogo. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, na picha alizozichora kwa mkono wake zinatafutwa ng'ambo. Haikuwa bei iliyowazuia wenyeji.

Hebu tuangalie matumizi yetu. Mtu hununua seti ya makochi kwa pesa nyingi, na baada ya miaka michache sponji imebonyea. Harusi ya siku tatu hula akiba ya miaka. Sehemu ndogo tu ya pesa hizo ingetosha kununua kitu kitakachorithiwa.

Anayetaka kuanza, na aanze kwa kutazama. Aende Fort Jesus, aende makumbusho ya Lamu, apite kwenye karakana za mafundi, wala asinunue siku ya kwanza. Kazi ambayo moyo unairudia baada ya wiki mbili, hiyo ndiyo yake. Anunue moja tu, na ikiwezekana kwa mtengenezaji mwenyewe. Pesa zisipotosha, aombe kuweka arubuni na kumaliza kidogo kidogo. Kupatana bei ni ada yetu, lakini kumkaba fundi mpaka auze kwa bei ya mbao tupu ni dhuluma. Halafu adai stakabadhi yenye jina la msanii, mwaka, bei na vitu vilivyotumika. Karatasi hiyo ni ushahidi kwa mnunuzi, na yamfaa msanii pia, kwani sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2019 inampa fungu la asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara.

Hewa yetu ya chumvi nayo ina masharti yake. Kuta za mawe ya matumbawe huvuta unyevu, kwa hiyo picha ya karatasi isigandamane na ukuta. Fremu itiwe vijiti viwili vya mbao nyuma ili hewa ipite. Isipigwe na jua la dirishani, maana rangi itapauka. Kazi za mbao zikaguliwe mara kwa mara. Unga mwembamba ukionekana chini yake, dumuzi ameshaingia.

Tena tahadhari. Kukusanya sanaa si kung'oa vitu vya kale. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946, na anayeuza mlango wa babu yake kwa siri anauza uso wa mtaa mzima. Mwenye hamu ya mlango wa nakshi na amwagize fundi wa leo amchongee mpya. Hapo nyumba itapata mlango, fundi atapata chakula cha wanawe, na mwanafunzi wake atajifunza kushika patasi.

Basi mwana anapooa na nyumba ikapambwa, katika vitanda na makabati na mapazia na kitiwe kitu kimoja cha fundi wa kwetu, chenye jina lake. Kamati ya msikiti inayotaka maandishi ya ukutani na imtafute kwanza mwandishi wa khati wa mtaani kabla ya kuagiza ya plastiki. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wachezaji tunao, na wa kuwatunza ni sisi wenyewe.