Kamera Isubiri, Mwavuli Kwanza

Ngerengere, mkoani Morogoro, inajulikana kwa kambi yake ya ndege za kijeshi, na milima ya Uluguru haiko mbali. Kijana wa huko anayetazama video za warukaji wa miamvuli kutoka nje ya nchi anaweza kutamani kujirusha gengeni, kamera ikiwa kwenye kofia. Naamini kamera hiyo isubiri. Arukaye kutoka kwenye ndege hubeba miamvuli miwili, mkuu na wa akiba, na mara nyingi kifaa cha kuufungua ule wa akiba akichelewa. Arukaye kutoka gengeni kwa kawaida ana mmoja tu, na sekunde chache. Kamera inaweza kunasa kamba za mwavuli. Isiponasa, huteka akili. Ndiyo maana chama cha warukaji cha Marekani hushauri mtu aruke mara 200 kabla ya kuibeba.

Wapo watakaosema picha humwonyesha mwanafunzi makosa yake. Ni kweli, lakini mwalimu mzoefu anaweza kumpiga picha hizo. Wengine watasema uzoefu ni kinga tosha. Lakini mrukaji bingwa Valery Rozov wa Urusi aliruka kutoka Kilimanjaro mwaka 2015; mwaka 2017 alifariki akiruka Nepal. Ikiwa bingwa huyo hakusalimika, anayeanza ana sababu zaidi ya kutanguliza usalama. Picha itapigwa siku nyingine, uhai haurudiwi.