Hewa ya Ufipa na Kipimo cha Pwani

Tarehe 27 Februari 1920 ndege kubwa ya injini mbili ilianguka Tabora ilipokuwa ikiondoka kuelekea kusini. Ilikuwa Vickers Vimy Commercial, tena ile ya kwanza kabisa ya aina yake, iliyoundwa kwa majaribio na kurushwa mara ya kwanza Aprili 1919 kando ya mto Thames, mahali palipo karibu sawa na usawa wa bahari. Gazeti la The Times la London liliidhamini safari hiyo ya kutoka Uingereza hadi Rasi ya Tumaini Jema. Marubani walikuwa Cockerell na Broome, na kati ya waliokuwamo alikuwa Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama. Hakuna aliyefariki. Kusini yao kilikuwapo kiwanja cha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo kidogo ya mpaka wetu wa Rukwa. Vimy nyingine, Silver Queen II, ilifika Abercorn salama, lakini tarehe 6 Machi ikaanguka Bulawayo iliposhindwa kupanda.

Sidai kwamba hewa peke yake ndiyo iliyoiangusha ndege ya Tabora. Injini zake zilikuwa zimesumbua tangu bonde la Nile. Hata hivyo, mashine iliyojaribiwa katika nchi ya chini yenye baridi hupungukiwa nguvu ifikapo nyanda za juu zenye joto. Hewa huwa nyepesi, injini ikakosa oksijeni ya kutosha na mabawa yakakosa cha kuegemea.

Nayakumbuka haya kila nionapo kadi ya kliniki ya mama mjamzito wa Sumbawanga.

Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa hapa kama ilivyo Dar es Salaam, lakini kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 tu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Mwili wa mwenyeji una hekima ambayo injini haina: huongeza himoglobini katika damu ili kufidia. Kwa hiyo kiasi kinachomtosha mama wa pwani hakimtoshi mama wa Ufipa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unalizingatia jambo hili. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, mpaka wa upungufu wa damu ni gramu 11 kwa desilita. Kwa wakazi wa mita 1,500 hadi 1,999 huongezwa 1.1, ukawa 12.1, kwa wakazi wa mita 500 hadi 999 huongezwa 0.4. Tuseme mama amepimwa akapata 11.6. Akiwa mkazi wa Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, hana upungufu wa damu. Akiwa mkazi wa Sumbawanga, anao, naye anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa damu yake inatosha.

Kinachohesabiwa ni mahali anapoishi, si mahali alipopimiwa. Aliyepanda jana kutoka bonde la Ziwa Rukwa bado ana damu ya bondeni. Ndiyo maana naona swali "mama, unaishi wapi?" lina uzito sawa na tone la damu lenyewe, na ningependa kuona jibu lake likiandikwa kando ya kipimo. Kazi hiyo haihitaji mashine mpya wala fedha.

Nawe mama unayesoma haya, ukiishi uwandani na ukaambiwa damu yako ni 11 na kitu, muulize mkunga kwa heshima: je, mpaka uliotumika ni wa pwani au wa huku juu? Vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa endelea navyo kama ulivyoelekezwa wakati ukingoja jibu.