Kuazima si Kukopa



Mwezi uliopita walitujia watu wawili wakitaka tuwaamue. Kijana wa Handeni alichukua pikipiki ya baba yake mdogo kwa safari moja ya shamba. Kesho yake akampa rafiki yake wa Korogwe, naye akaivunja gia. Kijana akasema, "Baba, mimi nilikopa, nikipata nitalipa." Mzee akajibu, "Mwanangu, hukukopa, uliazima." Mzozo wote ulikuwa katika maneno hayo mawili.

Wako wadhanio kuwa kuazima ni neno la Kiarabu, kwa sababu wanazijua azma na azimio, na ile azima ya waganga. Hayo kweli yametoka Uarabuni, lakini kuazima kwetu ni neno la Kibantu. Waganda nao husema kwazika kwa kitu kirudishwacho chenyewe, na fedha wana neno lake jingine. Tena litazameni: aliyetoa huambiwa ameazima, na aliyepokea pia ameazima. Kukopa sivyo, mmoja hukopa na mwingine hukopesha. Na kukopa lina doa la zamani, kwani hata kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imelipa maana mbili: kuchukua kwa deni, na kulaghai.

Vitabu vya sheria yetu navyo vimetenga mambo haya. Kitu kikirudi chenyewe, kama kinu au jembe, hiyo huitwa aria. Kikiliwa na kulipwa mfano wake, kama unga au fedha, hiyo ni karadha. Mtume (s.a.w.) alipokwenda Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, aliazima deraya za Safwan bin Umayya, naye hajasilimu bado. Safwan akauliza kama ananyang'anywa, akajibiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kuazima hana ruhusa ya kumwazima mwingine bila idhini ya mwenyewe.

Msifahamu, walakini, kuwa tunawafundisha kunyima. Sura ya Al-Maun imewalaumu wenye kuzuia vyombo vidogo vya nyumbani, navyo Ibn Masud amevieleza kuwa ni kama shoka, chungu na ndoo. Mama anayemficha jirani ungo wake na aisome sura hiyo tena.

Siku hizi tunasikia, "Niazime elfu kumi." Lugha hii ni ya adabu, lakini fedha haiazimwi, maana noti ile ile hairudi. Hiyo ni karadha, nayo ni deni. Likiwa na muda wake, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote, imeamrisha liandikwe. Hatari yaja jina la upole linapofunika jambo zito: mama zetu huitwa wachukue "mkopo" mdogo, na baada ya wiki chache wanadaiwa riba hata vitanda vinachukuliwa. Watu wenyewe wameuita kausha damu, na katika kutoa majina hawakukosea.

Ama kijana wetu, alikubali kununua gia. Fedha hakuwa nayo, akamwomba baba yake mdogo amkopeshe. Mzee alicheka, kisha akatuomba kalamu.