KUJITOLEA SIO KAZI YA MASKINI PEKE YAO

Ndugu wanakijiji na wanachama wa ushirika,

Kazi ya kufufua kituo chetu imeingia Jumamosi ya tatu. Mtaro wa maji umefika kwenye mwembe. Ofisi ya Tawi tunawashukuru waliofika. Lakini daftari la mahudhurio lipo, na siye tuliojifunza kusoma ukubwani tunalisoma herufi kwa herufi. Waliochimba ni wale wale: akina mama wauza samaki na muhogo, vijana wasio na hata kibanda, na wazee. Wenye maduka ya barabarani hawamo. Walikaa barazani wakaangalia mawe yanapita vichwani mwa wenzao.

Jamani, hebu tuulizane. Gulio lilihama hapa kwa sababu ya matope. Likirudi, nani atauza sukari na mafuta kwa wingi? Kodi ya fremu ya nani itapanda? Mama wa muhogo atapata faida ya fungu, mwenye duka atapata faida ya gunia. Mbona jembe anashika wa fungu peke yake? Huo ni unyonyaji uliovishwa kanzu ya maendeleo. Kupe hachungi ng'ombe, ila kunenepa anajua.

Eti wanasema, "Sisi tunalipa kodi, mtaro ni kazi ya serikali." Kweli halmashauri ina wajibu wake, na hatutaacha kuudai. Lakini mvua haingoji barua ijibiwe. Na mkulima wa korosho naye hukatwa makato yake kabla hela haijamfika mkononi, na bado Jumamosi alikuja na jembe.

Wengine wanasema tungoje wafadhili kama Mikindani. Basi tuitazame Mikindani vizuri. Ulikuwa mji wa bandari wenye sifa. Waingereza walipoanza mpango wao wa karanga mwaka 1947, bandari kubwa ikajengwa Mtwara, biashara ikahama, Mikindani ikasinzia. Mpango wenyewe ukafa mwaka 1951. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 likabaki gofu. Miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likalifufua likawa hoteli. Ni jambo jema, hatulibezi. Lakini Mikindani ilikuwa na boma la kumvutia mgeni. Sisi tuna nini? Tuna mwembe, mtaro na mikono. Tukimngoja mgeni avuke bahari aje kutuzibulia mtaro, tutangoja mpaka mwembe uanguke.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapata milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakaenda kuchimba vyoo. Wito ulikuwa kwa kila kaya. Haukusema fukara achimbe, tajiri aangalie.

Kwa hiyo tunapeleka hoja hizi mkutano mkuu wa kijiji:

1. Daftari la mahudhurio libandikwe hapa ubaoni kila wiki, na majina ya viongozi yawe juu kabisa, tuonekane tumefika au hatukufika.

2. Mwenye duka asiyeweza kuchimba alete saruji, au alishe wachimbaji siku hiyo. Wagonjwa, vikongwe na wajawazito wasisumbuliwe.

3. Gulio likirudi, sehemu za mbele barabarani wapewe kwanza waliochimba. Wasiochimba wapange nyuma, hata wakiwa na mizani ya chuma na turubai jipya.

Hoja ya tatu itawauma watu. Na iwaume. Waje mkutanoni waseme mbele ya akina mama wale kwa nini haifai.

Jumamosi saa 1 asubuhi, chini ya mwembe. Njoo na jembe, sururu au karai.

Uhuru ni Kazi!

Katibu wa Tawi