Pemba hadi Shimoni: Neno "mkimbizi" lilivyowatia jasho wanadiplomasia

Kenya ilipowatambua Wapemba wanaoishi pwani yake kuwa raia mwaka 2023, wengi walishangilia vitambulisho. Baadhi ya wazee wao walivuka kuja kuvua samaki, wengine waliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964.

Ila kuna Wapemba wengine waliovuka mkondo huohuo, na habari zao zilikuwa moto kwa serikali mbili.

Januari 27, 2001, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF waliokuwa wakipinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000. Tume ya Mbita ilitaja vifo 31. Human Rights Watch ikasema si chini ya 35. Watu wapatao 2,000 walipanda vyombo, wakashukia Shimoni, Kenya.

Hapo ndipo neno lilipoanza kuwa ishu. Ukiwaita "wasafiri", ni suala la uhamiaji tu, maana Mpemba kwenda Shimoni na kurudi si habari mpya. Ukiwaita "wakimbizi", umesema nchi yao imeshindwa kuwalinda. Na nchi yenyewe ni Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa ikihifadhi mamia ya maelfu ya watu kutoka Burundi na Kongo! Ilizoea kupokea, si kutoa.

Nairobi nako mambo hayakuwa mepesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imezinduliwa upya Arusha Januari 15, siku 12 tu kabla ya risasi hizo. Mkataba wa OAU wa 1969 unasema wazi kwamba kutoa hifadhi si kitendo cha uadui. Kwenye karatasi, sawa. Kumweleza hivyo jirani uliyetoka kupiga naye picha ya udugu ni kazi nyingine.

Lakini kilicho nyeti kuliko yote ni orodha ya majina. Kanuni ya UNHCR ni kutompa mtu wa serikali ya nchi ya asili taarifa za anayeomba hifadhi bila ridhaa yake. Kwa Pemba hilo si urasimu. Jina na kijiji tu vinatosha kujulikana huyu mtoto wa nani, na mama yake anakaa nyumba ipi Micheweni. Aliyevuka yuko salama, aliyebaki je?

Muafaka wa CCM na CUF, uliosainiwa Oktoba 10, 2001, uliwapunguzia wanadiplomasia mzigo: mtu akisharudi nyumbani, hakuna tena haja ya kubishana aitwe nani. Wengi walirudi.

Wachache hawakurudi, wakaishia Somalia. Mwaka 2012 UNHCR iliwarudisha Zanzibar watu 38 kutoka Mogadishu, mji ambao wenyeji wake wenyewe walikuwa wameukimbia kwa maelfu.