Binti aende Agrigento au asiende?



Dada mmoja wa kwetu Malindi, aliyeolewa Italia, amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Nimemuomba ruhusa nimjibu hapa bila kumtaja, maana swali lake nimeulizwa na wengi. Binti yake ana miaka 14. Shule yao inawapeleka kisiwa cha Sicilia, mji wa Agrigento, kuangalia mahekalu ya Wagiriki wa kale, wale ambao vitabu vya madrasa huwaita Wayunani. Baba mtu amekataa: hayo ni majumba ya masanamu, mtoto wa Kiislamu hana la kufanya huko. Wiki ya pili sasa binti hasemi na baba yake, na mama yuko katikati.

Dada yangu, mimi nasema aende. Na mzazi mwenzio simkebehi, kwa sababu anaionea wivu dini ya mwanawe, na hilo siku hizi ni adimu. Tena hoja yake ina asili.

Asili yake ni hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alipokuwa njiani kwenda Tabuk alipita Hijr, makazi ya kina Thamudi, akawakataza masahaba wasiingie kwa watu wale walioadhibiwa ila wawe wanalia. Yeye mwenyewe akajifunika kichwa na akaharakisha mwendo. Wapo wahadhiri wanaoichukua hadithi hii na kuifunikia kila gofu lililoko duniani. Mimi sioni hivyo. Thamudi tumeambiwa na Allah mwenyewe kwamba waliadhibiwa. Nani katuambia habari za Agrigento? Hakuna aya, hakuna hadithi. Na upande wa pili iko Surat Ar-Rum, aya ya 9, ambapo Allah anawalaumu wasiotembea katika ardhi wakaona mwisho wa waliowatangulia, watu waliokuwa na nguvu kuwashinda wao na waliojenga kuwashinda wao. Utaonaje bila kwenda?

Mimi mwenyewe nimefika. Miaka michache nyuma jamaa zetu wa Malindi wanaoishi huko walinialika, wakanitembeza. (Msishangae, Malindi na Italia ni majirani siku nyingi, kwetu hata muuza maembe anakijua Kiitaliano.) Wanapaita Bonde la Mahekalu, lakini si bonde, ni mgongo wa kilima unaotazama bahari, na mizeituni na milozi kila upande. Mji wenyewe Wagiriki waliuanzisha kiasi cha miaka 580 kabla ya Nabii Issa (A.S.). Jiwe lao ni la rangi ya asali, na ukilisogelea unaona magamba ya viumbe vya bahari ndani yake. Nililigusa nikakumbuka mawe ya kwetu pwani.

Liko hekalu moja lililobaki karibu zima, nguzo 34 zimelizunguka. Wanaliita la Concordia. Sasa sikiliza ajabu hii. Jina hilo si lake. Lilitokana na maandishi ya Kilatini yaliyookotwa karibu na hapo, mtu akalibandika. Aliyekuwa akiabudiwa mle ndani hajulikani ni nani. Nguzo zimebaki, mwenye nyumba kapotea! Na kilicholisalimisha jengo ni kwamba mwishoni mwa karne ya 6 liligeuzwa kanisa. La jirani yake, la Zeus, mkubwa wa masanamu yao, lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, na halikuwahi kumalizika. Mwaka 406 kabla ya Nabii Issa watu wa Carthage waliuteka mji, na karne ya 18 mawe yake yakachukuliwa kujengea gati ya bandari.

Niliporudi Malindi nilikwea mimbari nikaisimulia safari ile kwa mbwembwe. Nikasema, mnaona, waabudu masanamu Allah kawafuta, kabakisha magofu ili sisi tujue tuko juu ya haki. Watu wakaitikia takbir. Baada ya swala mzee mmoja wa Watamu, mvuvi, alinishika mkono akaniuliza taratibu: "Na Gede je, ustadh?"

Sikuwa na jibu. Gede iko mwendo mfupi kutoka msikitini kwangu. Mji wa Waislamu, una msikiti wa Ijumaa, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria. Karne ya 17 ulikuwa umeshahamwa, na mihirabu ile leo inaswaliwa na tumbili. Kama gofu ni hukumu, basi na sisi tumehukumiwa. Nilikuwa nimemsemea Allah lisilo katika kitabu chake, na Ijumaa iliyofuata nikasimama nikasema nimekosea. Wachache walifurahi. Takbir inauzika kuliko toba.

Na huko huko Sicilia lipo gofu letu lisiloonekana. Waislamu walitua kisiwani mwaka 827, wakakaa wakatawala. Mpaka mwaka 1927 mji huo ulikuwa ukiitwa Girgenti, jina lililopita katika ndimi za Waarabu. Wanormani wakautwaa mwishoni mwa karne ya 11, na karne ya 13 mfalme Frederick wa Pili akawahamishia Waislamu waliobaki Lucera, bara. Kati ya mahekalu ipo bustani ya machungwa na malimau iitwayo Kolymbethra, inayonyweshwa kwa mifereji kwa ufundi walioufundisha Waislamu. Tangi la maji wao huliita gebbia. Na sisi pwani tunaliitaje? Jabia! Nilisimama pale nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Basi dada, muage binti yako kwa bismillahi. Asitupe sarafu kwa kuomba bahati, asishiriki mchezo wowote wa kuigiza ibada zao, na adhuhuri ikimkuta pale aswali pembeni chini ya mzeituni, kibla ni upande wa kusini mashariki. Mimi niliswali hapo, hakuna aliyenisumbua. Baba yake mpe simu asikilize maandishi haya ukiwa umemsomea wewe, usimtumie tu. Na kama bado moyo wake mzito, safari hiyo aifanye yeye na binti, wawili, siku ya mapumziko. Wakifika bustanini wanipigie picha ya jabia, ile yangu ilipotea na simu.

Wallahu aalam.